Fundi, Nyumba Hiyo Haianguki?

Mwezi uliopita mhariri alichapa picha niliyoipiga Little Moreton Hall, ile nyumba ya mbao iliyo karibu na Congleton, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Chini yake niliandika mstari mmoja tu, kwamba mbao zake zimeungwa bila misumari wala gundi, nikadhani yameisha. Barua zilizokuja tangu siku hiyo zimezidi zile za mwaka mzima kuhusu makabati ya jikoni, kwa hiyo safari hii makabati yasubiri. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni seremala, mzaliwa wa Pangani, na kwa miaka 26 sasa kazi yangu ni kukarabati nyumba kuukuu za mbao huku Uingereza.

Fundi, shikamoo. Ile picha ya nyumba yenye mistari myeusi na myeupe imetugombanisha hosteli nzima. Mwenzangu anasema imetengenezwa na akili mnemba, maana hakuna ukuta unaoweza kupinda vile ukabaki umesimama. Mimi nasoma ujenzi, na tumefundishwa kwamba ukuta ukitoka kwenye timazi ni wa kubomoa. Nani mkweli?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mwenzako nimeingia humo kwa miguu yangu na nimetoka salama. Hata mwalimu wako ni mkweli, ila yeye anazungumzia ukuta wa tofali, ambao wenyewe ndio unaobeba paa. Ukuta wa nyumba hii haubebi kitu. Kinachobeba ni fremu ya mwaloni: nguzo, boriti na mtambaapanya, vyote vimeshikana kabla ukuta haujakuwepo. Kule katikati ya mbao, panapoonekana peupe, fundi alijaza tu.

Na alijaza kwa kitu gani? Kwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, halafu juu yake chokaa. Nilipoibandua sehemu kama hiyo kwa mara ya kwanza nilisimama nikacheka peke yangu, mpaka msimamizi akaniuliza kulikoni. Ilikuwa nyumba ya bibi yangu. Tofauti ni kwamba bibi alizichimbia nguzo zake ardhini, mchwa wakazila. Wao wanailaza boriti moja chini, juu ya msingi mfupi wa mawe, na nguzo zinasimama juu ya boriti hiyo.

Sasa fikiria kitanda cha kamba ukikiweka kwenye sakafu ya udongo isiyo sawa. Kinalia kidogo, kinajipinda, mwishowe miguu yote minne inakaa. Ukichukua kitanda cha zege ukakiweka hapohapo, kitapasuka. Nyumba ya fremu ni kitanda cha kamba. Viungo vyake vinacheza kidogo, mzigo unahama kutoka nguzo hii kwenda ile, na baada ya miaka mia inakuwa imeshapata mkao wake.

Little Moreton Hall, lakini, imepinda kwa sababu yake yenyewe, na hapa ndipo hadithi inaponoga. Nyumba ile haikujengwa mara moja. Ukumbi mkuu ulijengwa na William Moreton kati ya 1504 na 1508 hivi, na ukoo wake ukaendelea kuongeza vipande, kizazi baada ya kizazi, mpaka karibu 1610. Mwanzoni ukumbi ulikuwa wazi kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi. Katikati ya karne ile ya 16 wakaugawa kwa kuweka dari na kupata vyumba vya juu. Mwaka 1559 wakatokeza uani madirisha mawili makubwa ya ghorofa mbili, ili juu na chini kote kupate mwanga. Yamebanana kiasi kwamba paa zake zinagusana. Baadaye watu wengine wakaja wakaing'oa ile dari, ukumbi ukarudi kuwa wazi, na madirisha ya ghorofa mbili yakabaki yanaangaza chumba kimoja. Ukisimama chini ukatazama juu unajiuliza mchoraji alikuwa na akili gani, kumbe hakuna mchoraji. Kuna watu wa nyakati tatu ambao hawakuwahi kukutana.

Ile safu ya vioo unayoiona juu kabisa pichani ni ukumbi mrefu wa matembezi, mita 21 kutoka mwisho hadi mwisho. Inaonekana lilikuwa wazo lililokuja kazi ikiwa imeshaanza. Watu wenye mali wa enzi hizo walitaka mahali pa kunyoosha miguu siku za mvua, na huko mvua hainyimi mtu. Nyuma ya mbao za ukutani zilikutwa hata mipira ya tenisi ya karne ya 17. Mimi sina neno na tenisi. Neno langu ni paa: waliuezeka ukumbi ule kwa vibamba vya mawe, mawe ya kweli, mazito, juu ya ghorofa ambazo hazikuandaliwa kwa mzigo huo. Sakafu za chini zikabonyea na kuta zikaanza kuachana kwenda nje. Inaaminika ni katika karne ya 17 ndipo zilipoongezwa boriti za kukatiza juu, kuzifunga kuta zisipasukane. Ukitembea humo leo, sakafu inakupandisha na kukuteremsha kama sitaha ya jahazi iliyotia nanga.

Usidhani pia walikuwa wanaitunza kwa mapenzi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ukoo wa Moreton ulikuwa upande wa mfalme, na 1643 nyumba ilichukuliwa na watu wa Bunge. Madeni yakafuata, wenyewe wakahama, ikapangishwa kwa wakulima. Kuna wakati chumba cha ibada kiligeuzwa stoo ya makaa. Wangekuwa na pesa katika karne ya 18 wangeibomoa wakajenga ya tofali nyekundu kama matajiri wenzao. Ukata ndio ulioihifadhi, hadi 1938 ilipokabidhiwa National Trust, taasisi inayoitunza hadi sasa.

Hata ile rangi iliyowagombanisha si ya mwanzo. Mwaloni uliachwa mtupu, ukazeeka na kuwa wa kijivu kama fedha, na udongo ulipakwa manjano ya kahawia. Weusi na weupe ni mtindo wa karne ya 19.

Kaka Fundi, assalaam alaykum. Binti yangu yuko huko Uingereza, anamhudumia bibi mmoja mzee sana katika nyumba ya mbao kama ile ya pichani. Anasema chungwa likidondoka jikoni linaviringika lenyewe hadi mlango wa nyuma. Hilo nilivumilia. Lakini mwezi wa tano alinipigia usiku, eti kuna kitu kinagonga ndani ya boriti juu ya kitanda chake, ta-ta-ta-ta, kinanyamaza, kinaanza tena. Nimeshamwombea dua. Je, ahame?
*Mama, Tanga*

Waalaykum salaam, dada yangu. Dua haipotei, aendelee nayo. Anayegonga ni mdudu.

Ni kombamwiko mdogo wa mbao? Hapana, niliwahi kumwita hivyo nikachekwa. Ni jamii ya wale wanaobungua mbao, rangi ya kahawia, ukubwa wa punje ya mchele hivi. Utoto wake wote anaumalizia ndani ya mwaloni, pengine miaka kumi, akitafuna polepole. Majira ya joto yakianza kunukia, kati ya mwezi wa nne na wa sita, anatoboa na kutoka, na hapo anagonga kichwa chake kwenye mbao kumwita mwenzake. Mwenzake akisikia anajibu kwa kugonga. Basi binti yako alikuwa analala katikati ya posa. Waingereza wa zamani walimsikia walipokuwa wanakesha kimya na mgonjwa mahututi, wakadhani anahesabu saa za kifo, na jina hilo amebaki nalo mpaka leo katika lugha yao.

Kumsikia si kwamba nyumba inaanguka. Ila ni habari ya kuchukua kwa uzito, kwa sababu huyu mdudu hapendi mwaloni mkavu. Anataka ule ulioingiwa na unyevu na ukungu. Kwa hiyo swali la kumwuliza binti siyo "kinagonga wapi?" bali "maji yanaingilia wapi?" Bomba la mvua limeziba? Kigae kimehama? Na nje, ukuta umepigwa lipu ya simenti?

Hilo la mwisho ndilo adui yangu mkubwa. Nilipoanza kazi huku nilipelekwa kwenye nyumba moja ya karne ya 16 ambayo kontrakta fulani, miaka ya nyuma, aliipiga simenti mbele nzima, ikawa laini kama yai. Mwenye nyumba alikuwa anajivunia. Tulipoibandua ilitoka vipande vizima kama maganda ya mti, na nyuma yake mbao zilikuwa zinang'aa maji. Nikaichomeka patasi kwenye ile boriti ya chini kabisa nikitarajia igome. Ikazama hadi mpini. Nilichokitoa kilikuwa kama kahawa iliyobaki chini ya buli, nacho nilikichota kwa kiganja. Simenti haipumui: maji huingia kwenye ufa mwembamba kama unywele, yakashindwa kutoka. Chokaa hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, na mwaloni uliokuwa nyuma ya chokaa miaka 400 unaugonga kwa nyundo unalia kama chuma. Tuliikata sehemu mbovu, tukaunganisha mwaloni mpya kwa kiungo kirefu cha mshazari, tukarudisha chokaa. Wiki tatu.

Chungwa, dada, lisikutie hofu. Sakafu iliyoinama tangu enzi za mababu wa yule bibi imeshainama ikatulia. Kinachotisha ni mabadiliko mapya: mlango uliokuwa unafunga mwezi jana leo haufungi, ufa ambao kingo zake bado nyeupe na kali, kigae cha bafuni kilichopasuka bila kuguswa. Mwambie achore mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa na aandike tarehe. Ufa ukiuvuka mstari, wamwite mtaalamu. Usipouvuka, asihame, kazi ni ngumu kupata.

Fundi, mimi ni seremala wa Keko. Unasema nyumba nzima haina misumari wala gundi. Hebu nieleze kiungo kinakazwaje, maana mimi nikikosa misumari kazi imelala.
*Seremala, Dar es Salaam*

Ndugu yangu wa kazi, hili nalijibu kwa furaha. Msumari wa chuma ndani ya mwaloni ni ugomvi: mwaloni una asidi yake, inakila chuma na kuacha doa jeusi la samawati. Kwa hiyo wanatumia ulimi na tundu, kama wewe unavyounga miguu ya meza, na kukaza kwa pegi ya mbao.

Siri iko kwenye tobo. Toboa kwanza kuta mbili za tundu, moja kwa moja. Ingiza ulimi, utie alama pale keekee inapougusa, uutoe. Sasa tobo la kwenye ulimi usilitoboe juu ya alama. Lisogeze milimita 2 au 3 kuelekea begani, pale ulimi unapoanzia. Ukirudisha ulimi ndani, ukichungulia, utaona matobo hayalingani. Yanaonekana kama mwezi ulioliwa kidogo. Chonga pegi yenye ncha, iwe ya mwaloni mkavu uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi zake. Usiikate kwa msumeno, maana msumeno huzikata nyuzi. Igonge. Pegi inalazimika kupinda kidogo ili ipite, na inapopinda inauvuta ulimi ndani mpaka bega linabana *kyuu*. Huhitaji klampu.

Halafu fremu yenyewe ilikuwa mbichi. Watu wengi wanadhani mwaloni ulikaushwa miaka kwanza. La. Mti ulikatwa, ukachongwa kwa shoka na tezo, na mara nyingi ulisimamishwa ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa mwaloni mkavu unakuvunjia patasi. Samaki mkunje angali mbichi. Wao walifanya hivyo kwa nyumba nzima. Mbao ilipokauka ikiwa imeshaungwa, ilisinyaa ikaibana pegi zaidi. Pia ilijipinda, na sehemu kubwa ya ule mpindo unaouona pichani ilikuwepo wajukuu wa mjenzi wakiwa bado watoto.

Kila kiungo kilichongwa na kujaribiwa kimelazwa chini, kikatiwa namba za Kirumi kwa patasi, ndipo vyote vikapelekwa kiwanjani na kusimamishwa. Namba zipo hadi leo. Nne huandikwa kwa mikwaruzo minne. Nimekuta siku moja nguzo ya VI imeingizwa penye VII, na fundi aliyekosea, miaka 450 iliyopita, akachonga kidogo ikaingia kwa nguvu. Nilimjua kabisa mtu yule. Ilikuwa Ijumaa jioni kwake.

Na Little Moreton Hall wana jambo ambalo Keko tuliige. Juu ya yale madirisha ya 1559 pamechongwa jina la mwenye nyumba wa wakati huo, William Moreton mwingine wa ukoo uleule, na pembeni yake la seremala: Richard Dale ndiye aliyeyatengeneza madirisha haya kwa neema ya Mungu. Tahajia yake ni ya hovyo, kazi yake siyo.

Bwana Fundi, nilitembelea Uingereza nikalala kwenye nyumba ya wageni ya zamani. Mwenyewe aliniambia boriti zote zilitoka kwenye meli za kivita. Alinionyesha matundu matupu kwenye mbao kama ushahidi. Ni kweli?
*Msomaji, Mombasa*

Nimeambiwa hivyo katika nyumba zisizo na idadi, nyingine ziko mwendo wa siku nzima kutoka baharini. Bwana, wewe ni mtu wa Mombasa. Mataruma ya jahazi umeyaona: hakuna hata moja lililonyooka. Zile boriti ulizoonyeshwa zilikuwa zimenyooka, au siyo?

Matundu matupu yana habari nzuri kuliko hiyo. Palikuwa na ukuta pale ukaondolewa, au dari, au ngazi. Au mbao ilitoka nyumba nyingine ya zamani zaidi, kwa kuwa mwaloni haukutupwa. Ukiona chini ya boriti safu ya vitundu vidogo vinavyofuatana, hapo ndipo zilipochomekwa fito za kukandikia. Ukuta umekwenda, vitundu vimebaki. Meli zilizogeuka majengo zipo kweli, na zinajulikana kwa majina. Kinu cha kusagia nafaka cha Chesapeake, kusini mwa Uingereza, kilijengwa 1820 kwa mbao za meli ya kivita ya Wamarekani, na duka la Liberty jijini London, la 1924, lilijengwa kwa mbao za manowari mbili. Lile la London linajifanya la kale, lakini ni dogo kwa umri kuliko mama yangu mkubwa angekuwa leo.

Kaka, habari za kazi. Mimi na mke wangu tumenunua nyumba ndogo Suffolk, karatasi zinasema fremu ni ya karne ya 15. Lakini kwa nje ni lipu tupu ya waridi, ndani mbao zimefunikwa, madirisha ni ya kupandisha na kushusha. Nataka kuibandua yote, mbao zionekane kama kwenye picha yako. Nianzie wapi?
*Msomaji, Suffolk*

Anza kwa kuiweka nyundo chini, mdogo wangu.

Kwanza sheria. Nyumba ya umri huo karibu lazima iwe kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na kulibadilisha jengo la orodha bila kibali ni kosa la jinai. Orodha inalinda pia mabadiliko yenyewe. Yale madirisha unayoyadharau huenda ni ya karne ya 18, wakati mwenye nyumba alipoona aibu kukaa kwenye mbao kama mkulima, akajifichia sura ya kisasa. Hiyo aibu yake nayo sasa ni historia, na afisa wa halmashauri ataitetea mbele yako kwa sauti ya upole isiyobadilika.

Pili, huenda fremu yako haikukusudiwa kuonekana. Watu wa Suffolk na Essex, mashariki mwa Uingereza, walipenda kufunika kwa lipu ya chokaa na kuitia rangi. Hiyo waridi yako ni ya asili ya huko. Chungulia mahali ambapo lipu imeshabanduka yenyewe. Mbao zikiwa zimenyooka, zimekaribiana, zina nakshi, zilitengenezwa zitazamwe. Zikiwa za kombokombo, na zimejaa matundu ya misumari midogo ya kushikia fito za lipu, au zimechanjwachanjwa kwa tezo ili lipu ishike, ziache zilale. Ukizifunua utapata mvua ndani ya chumba na bili ya joto itakayokutoa machozi.

Lipu ya nje kama ni simenti, hiyo nitakuunga mkono uiombee kibali cha kuitoa na kurudisha chokaa. Utajua kwa kuichomeka ufunguo: chokaa inakwaruzika, simenti inakukwaruza wewe.

Wakati unasubiri majibu ya halmashauri, panda darini na tochi. Nyumba za wakati huo kwa kawaida zilikuwa na ukumbi ulio wazi hadi paani, moto unawaka katikati ya sakafu, moshi unajitafutia njia yenyewe. Dohani ya tofali na ghorofa yako ya juu viliongezwa baadaye, mara nyingi katika karne ya 16. Tafuta mbao za zamani za kenchi, pitisha kidole upande usiofikiwa na fagio. Kikirudi cheusi, ni masizi ya mapishi ya watu wa karne ya 15. Usiyafute. Nipigie picha, mbao na kidole, unitumie.